Darasa la Marubani

Mwalimu wa darasa la nne aliiona ratiba mpya Jumatatu asubuhi, imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya walimu kwa plasta ya kufungia vidonda. Vipindi vyake vyote vya hesabu vilikuwa vimekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake limeandikwa neno moja: Mgeni.

Hakushusha hata mkoba begani. Aliingia moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Mkuu, mtihani wa kuvuka darasa umebakiza wiki tano."

"Najua, Madamu."

"Mwaka jana wiki kama hizi ulimpa mgeni hesabu zangu. Watoto arobaini na mmoja, ishirini na sita wakarudia darasa. Mmoja wao nimemzaa mimi."

Mwalimu mkuu akazipanga upya kalamu zake mezani. "Shirika linalowaleta ndilo lililotuletea tangi la maji."

"Na mimi nimeleta nini?"

"Wewe si ni mtu wa nyumbani, mama?"

Mtu huyo wa nyumbani alikuwa na stashahada ya ualimu na miaka kumi na minne ya vumbi la chaki kifuani. Mgeni alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwao aliuza viatu vya michezo. Angekuwa amekuja kung'oa meno, angeombwa cheti getini. Kwa kufundisha watoto wa maskini ilitosha kuwa na moyo, na fomu yake ya kujitolea ilitaja moyo mara nne. Fomu hiyohiyo iliwaita wanafunzi "watoto waliokatiwa tamaa". Madamu alipomsomea bintiye maneno hayo, mtoto aliuliza shule hiyo iko wapi.

"Wewe utakaa pembeni utafsiri," mkuu akamalizia. "Hajui lugha ya watoto."

Hapo Madamu akaacha kubishana. Mkuu alidhani amekubali.

Mgeni aliingia darasani na mpira mikononi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, jasho linamtoka kabla hajaanza kazi. Alisimama mbele ya watoto thelathini na wanane, akanyoosha mikono, akawaambia kwa lugha yake wafumbe macho waitazame ndoto iliyo moyoni mwao. Kisha akamgeukia Madamu atafsiri.

"Toeni madaftari," alisema Madamu, kwa ile sauti laini ya mtu anayetafsiri. "Themanini na nne gawanya kwa sita, kwa njia ndefu. Anayekwama anyooshe kidole, nitapita. Na kila baada ya muda mtazameni mgeni mkitabasamu. Ni mtoto wa watu, ametoka mbali."

Watoto wakatabasamu. Penseli zikaanza kukwaruza. Mgeni akaweka kiganja kifuani.

"Wanaandika ndoto zao," alinong'ona.

"Sana," alisema Madamu, akaenda kumsahihishia mmoja aliyesahau kushusha namba.

Siku ya pili ukaja mchezo wa mpira: anayedaka anataja anachotaka kuwa ukubwani. Madamu akatafsiri kwamba anayedaka ajibu tisini na saba gawanya kwa nne. Mpira ukamfikia mvulana wa dawati la nyuma.

"Ishirini na nne, baki moja," alisema mvulana.

"Amesemaje?" aliuliza mgeni.

Madamu hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Anataka kuwa rubani," alisema.

Mgeni alifurahi mpaka Madamu akamwonea huruma. Basi mtoto wa pili naye akawa rubani, na wa tatu. Kutunga kazi mpya kwa kila mtoto ni kazi, naye alikuwa na kazi nyingine. Wiki ya tatu ilipoisha, darasa lilikuwa na marubani ishirini na wanane, wauguzi wawili na daktari mmoja, na wote walijua kugawanya kwa tarakimu mbili. Watoto wakampachika mgeni jina la Mwalimu Ndoto. Walimpenda, hakuwahi kumpa mtu zoezi.

Nyumbani, bintiye alikuwa na swali lake.

"Mama, kwani kutafsiri si kusema alichosema mtu?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona wewe..."

"Suuza sahani."

Wiki ya tano mwalimu mkuu alimsimamisha ukumbini, meno yote nje. Mgeni alikuwa amewaandikia wakubwa wake kuhusu marubani. Wakubwa walilia. Sasa mama mkubwa wa shirika lao alikuwa njiani, na boksi la kofia za urubani na mpigapicha. Siku ya Marubani ingefanyika Alhamisi, asubuhi nzima, darasa la nne lote uwanjani.

"Alhamisi saa mbili ni mtihani wa hesabu," alisema Madamu. "Karatasi zinakuja zimefungwa kwa lakiri, na msimamizi wa kutoka nje. Mtoto asiyekuwepo kengele ikigonga anapewa sifuri."

"Tutaomba wausogeze."

"Tangu lini ukasogezwa?"

"Mama, usiniharibie." Mkuu akaondoka akipiga mluzi.

Madamu akabaki amesimama. Uongo ule aliupika mwenyewe, na sasa ulikuwa unataka kula mtihani wa watoto wake. Mtu mmoja tu angeweza kuukataa ugeni ule, na saa hiyo alikuwa darasani peke yake, anapuliza mpira.

"Hakuna marubani," Madamu alimwambia kwa lugha yake.

"Samahani?"

"Yule wa kwanza, wa dawati la nyuma. Alisema ishirini na nne, baki moja. Tulikuwa tunafanya hesabu. Siku zote."

Mpira ukatoa hewa taratibu mikononi mwake. "Wote?"

"Mmoja aliomba kwenda chooni. Huyo nilikwambia ni daktari."

Kijana akakaa juu ya dawati. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Na ndoto zao za kweli ni zipi?"

"Sijui. Sikuwauliza."

Aliona aibu kulisema, lakini ilikuwa Jumanne, hakuwa na nafasi ya aibu.

"Mimi niliambiwa nakuja kumsaidia mwalimu," alisema kijana. "Nilipofika nikapewa darasa. Nikamwambia mkuu sijui kufundisha. Akasema nina unyenyekevu."

Madamu akajikuta anacheka. Kijana naye akacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu jino linalouma.

"Alhamisi unataka nifanye nini?"

"Saa mbili hadi saa nne, mtu yeyote mwenye kofia asiukaribie mlango huu."

Alhamisi kengele iligonga watoto wote wakiwa kwenye madawati. Madamu alikatazwa kuingia, akakaa kwenye ngazi ya ukumbi, akashika magoti. Gari la mama mkubwa lilipoingia, kijana alilikimbilia. Alieleza kitu kwa mikono yote miwili. Mama mkubwa akalinyooshea kidole darasa; kijana akatikisa kichwa, akasimama katikati ya njia. Wakabishana. Mwishowe mpigapicha akauliza kama hakuna mtu mwingine wa kuvaa kofia.

Kwa kukosa mtoto, kofia alivalishwa mwalimu mkuu. Akasimamishwa juani juu ya kasha la soda, akaambiwa afumbe macho, anyooshe mabawa, aeleze alichoota utotoni. Alieleza kwa saa moja na nusu. Kila alipojaribu kushuka, kijana alimuuliza swali jingine.

Matokeo yalikuja baada ya mwezi, mgeni akiwa amesharudi kwao. Thelathini na watatu kati ya thelathini na wanane walivuka. Mwalimu mkuu aliisoma barua ya pongezi mbele ya shule nzima: shirika lilijipongeza kwa mbinu ya ndoto, na mwaka ujao lingeleta wageni wawili kwa kila darasa. Walimu wakapiga makofi wakimkwepa Madamu macho.

Yeye hakusikia hata nusu. Alikuwa kwenye ubao wa matangazo, kidole kinashuka kwenye orodha ya majina polepole, hadi kikasimama. Sabini na moja. Alilisoma jina mara tatu, kidole hakijatoka.

Bintiye alimjia mbio, akamkumbatia kiunoni.

"Mama, nimevuka."

"Nimeona." Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akambana kifuani mpaka mtoto akalalamika hapumui. Kisha akamwachia, akapangusa macho kwa kiganja chenye chaki.

"Kalete hiyo karatasi nione ishirini na tisa zimepotelea wapi."