Laini Moja

Mzee Mbonigaba hakuwa na diploma, hakuwa na mwalimu, hakuwa na kompyuta mpya, wala laini ya pili ya simu. Alikuwa na kompyuta kuukuu, kitabu cha kompyuta cha Kifaransa na ubishi wa mtu aliyejisomea mwenyewe usiku. Akaigeuza ile kompyuta kuwa lango la intaneti, kwa modemu iliyopiga kupitia laini ya simu, mashine nyingine mbili za nyumbani zipitie hapo. Amri ya kukata simu kazi ikiisha aliifuta, laini ikashikwa usiku na mchana. Kwake kukatika kulikuwa aibu. Gisenyi nzima hakuna mwenye kitu kama hicho, alijisifu, huku akingoja simu ya Belyse, bintiye mjamzito wa Kigali, aliyemwahidi kuwa yeye, babu, ndiye atakayempa mjukuu jina.

Siku ya tisa tangu awashe lango hilo, Gentil, dereva wa basi dogo la Kigali, alisimama mlangoni akicheka.

"Félicitations, hongera mzee! Mutoto wa Belyse iko muzuri sana."

"Amezaa?"

"We! Si jana, siku ya nane ya desturi, walimupa jina? Babu wa upande ya baba ndiye alimupa. Walikupigia siku nane toka kibanda ya simu, bize tu. Belyse anauliza, papa anaongea na nani hivyo?"

Mzee aliigeukia kompyuta. Taa ya modemu ilikuwa ikimkonyeza bila haya. Akauchomoa waya wa simu.

"Ngoja, Gentil."

Aliandika kwa kalamu: "Mwanangu, nilifungua mlango wa dunia nikakufungia wewe. Kama nafasi bado ipo, Munezero, jina la furaha nililomwekea, liwe jina lake la pili."

Akailamba bahasha, akaifunga, akaisindikiza mpaka kwenye kiti cha dereva.