Mbuzi wa Pole

Rafiki yangu Tobias alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na msumeno wa kiwanda cha mbao, njia ya Sikonge, mwaka wa hamsini na mbili. Mimi nilikuwa ndiyo narudi Tabora baada ya kuzurura Ujiji, Kigoma na mikongeni Tanga, nikakuta kidonda kimeshafunga. Mtu aliyezoea kupanda miti kutundika mizinga ya nyuki, sasa hata kamba ilikuwa inamshinda kufunga.

"Umedai fidia?" nikamwuliza.

"Nidai nini, na mbuzi nilishamla?"

Mbuzi mwenyewe aliletwa na Masolwa, nyapara wa kiwanda, siku Tobias alipotoka hospitali. Alimtoa zizini kwake, mbuzi wa pole. Na kwetu ukishapokea pole ya mtu ukaila, umesema moyo wako umetulia. Kumpeleka shaurini baada ya hapo ni kama kutapika mbele ya mwenyeji wako.

Mkewe Flavia alikuwa akipepeta mpunga. "Shemeji, mwambie wewe. Mbuzi yule tulimla watu kumi na wanne. Mbona vidole vimekwenda vya mmoja?"

"Wewe Flavia ulikula paja zima," Tobias akasema.

"Nililila. Ungekuwa na vidole ungeniwahi."

Tanga nilishaona watu wakiumia kazini, na nilijua sheria ipo, ila ina siku zake. Kesho yake mimi na Flavia tukaenda Ofisi ya Kazi, Tobias tukamwacha amenuna. Karani akahesabu miezi, akatuambia zimebaki wiki tatu za kudai, akaandika barua kiwandani. Majibu yalikuja upesi: Tobias hakuumia kazini, alijikata mwenyewe kwa shoka akichonga mzinga.

"Wangekubali, fomu zangu zingetosha, msingehitaji mtu mwingine," karani akasema. "Wakikana hivi, tafuteni wakili. Na muende leo."

Barua hiyo ya kiwanda ndiyo iliyomwinua Tobias. Kuitwa mwongo hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kuambiwa hajui kushika shoka.

Wakili alikuwa Mhindi mmoja karibu na soko, mtu wa maneno machache. "Nani aliona?"

"Masolwa," Tobias akajibu. "Wengine wanaogopa kupoteza kibarua."

"Basi Masolwa ndiye kesi yako. Aje aseme hapa. Na mbuzi tutamtaja pia, mtu hatoi pole bila sababu."

"Mbuzi nitamrudisha kwanza."

Wakili akavua miwani. "Umrudishe? Mzee, huyo mbuzi ananisaidia!"

"Siwezi kwenda shaurini na nyama ya nyapara wao ikiwa tumboni mwangu."

Wakili akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Jumapili baada ya misa Flavia akatoa mbuzi wake jike, huku akitutolea maneno ambayo padri asingeyapenda, tukashika njia ya Ntalikwa, alikokaa Masolwa. Tobias alimvuta kwa mkono wa kushoto, hakutaka nimsaidie. Tulimkuta Masolwa uani na majirani zake, wanakunywa pombe.

"Mwangaluka, Nyapara."

"Mwangaluka, Tobias. Karibu. Na mbuzi huyo?"

"Wako. Nakurudishia pole yako."

Watu wakashusha vibuyu. Masolwa alisimama.

"Nimekukosea nini? Ulikatwa na msumeno mbele ya macho yangu, nikakufunga kwa shati langu, nikakubeba mgongoni mpaka kwenye lori. Leo unanirudishia mbuzi mbele ya watu kama nilimwiba?"

"Bwana wako anasema nilijikata kwa shoka."

"Anasema nini?"

"Barua iko kwa karani. Na wakili anasema bila mtu aliyeona, sina kitu."

Masolwa akakaa. Alikuwa na watoto sita, na kibarua kile ndicho kilichowalisha. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tobias naye aliona, hasira ikamtoka palepale. Akachuchumaa karibu naye.

"Usiseme kitu, ndugu yangu. Sikuja kukuvutia matatizo. Nilikuja kurudisha mbuzi tu, nidai huku moyo wangu ukiwa safi kwako."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa nimekosa. Bado tutasalimiana."

"Mpumbavu wewe," Masolwa akasema. Akaikamata kamba ya mbuzi akaniwekea mimi mkononi. "Mpelekee Flavia mbuzi wake. Nilitoa pole kwa sababu ya mkono wa huyu. Sikuitoa ili mtu aifunike kwa uongo." Akanigeukia. "Wakili wenu anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili," nikasema.

"Basi mnipitie alfajiri. Nikikaa sana nitaanza kuogopa."

Tulimpitia kabla majogoo hawajamaliza kuwika. Alikuwa ameshavaa, ameketi kwenye kigoda mlangoni, anatungoja.