Posa ya Kadi ya Swabi

Siku Hashmat Bibi alipofungua sanduku lake la bati na kuanza kuuza vitambaa, kichochoro kizima cha Mozang kilidhani ameota kifo chake. Vitambaa vile havikuwahi kuguswa na mtu. Kila ndoa aliyoiunganisha ilimletea kitambaa cha suti moja, na kwa miaka thelathini na minane ya ushenga pale Lahore alikuwa amefanikisha ndoa mia nne na kumi na moja. Mbili tu zilivunjika, na moja kati ya hizo kosa lilikuwa la kasuku.

Wanawake walikuja kununua hadi foleni ikafika kwa muuza maziwa. Jumatano jioni sanduku lilibaki na harufu ya karafuu na dawa ya nondo tu, na Hashmat Bibi alikuwa na rupia elfu sitini ndani ya soksi ya marehemu mumewe.

"Dadi, umeuza mpaka ile ya zari?" aliuliza Nimra, mjukuu wake wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mwanawe aliyekuwa akiendesha malori Sharjah.

"Zari inawasha shingo. Lala mapema, kesho twende tukakutafutie hiyo kompyuta."

Nimra alikuwa fundi wa mchezo wa ngumi na mateke, ule wa kwenye kompyuta, wapiganaji wawili na hakuna kujificha. Vidole vyake vilikuwa na kasi kiasi kwamba akishika fimbo yake ya kuchezea, mbu wa Mozang walihamia chumba cha pili. Mara mbili alikuwa ameingia kwenye mchujo wa mtandaoni wa Asia Kusini, na mara zote mbili yakatokea yale yale. Umeme uliruka kidogo, feni ya darini ikapunguza mwendo, betri ya nyumba ikapokea, taa zikabaki zinawaka. Lakini kompyuta kuukuu ya baba yake ilizima na kuanza upya, kama mzee aliyeshtuliwa usingizini. Iliporudi, jina lake lilikuwa limeshafutwa.

Mama yake, Riffat, alikuwa mwalimu wa hesabu na hakupenda kurudia somo. Alitoa hukumu moja. "Jumapili ndiyo mara ya tatu na ya mwisho. Ikizima tena, hiyo fimbo naiuza, na habari za ngumi zisisikike tena nyumba hii."

Basi Alhamisi saa nne asubuhi bibi na mjukuu walipanda bajaji kwenda Jengo la Rehmat, ambako kompyuta zote za Lahore huzaliwa, hufa na kufufuliwa. Nimra alishika karatasi aliyoijaza baada ya kutazama video arobaini.

"Nisomee wachumba," alisema Hashmat Bibi.

"Prosesa, ndiyo akili. Ubao mama, wengine wote wanakaa juu yake. Memori. Halafu kadi ya michoro, Dadi, hii ndiyo inayochora wapiganaji. Nataka picha sitini kila sekunde. Zikipungua, ngumi yangu inafika wakati adui ameshakunywa chai."

"Na huyu wa mwisho?"

"Pawasaplai. Kibati tu, kinagawa umeme kwa wenzake."

"Kwa hiyo wote wanakula mkononi mwake."

"Eeh, naam."

"Basi huyo ni mama mkwe. Tumwone kwanza."

"Dadi, watu wote wanaanza na kadi!"

"Na watu wote wanaanza na sura ya bi harusi. Ndiyo maana mimi sikosi kazi."

Duka la kwanza lilikuwa la kijana aitwaye Shahzeb. Lilimetameta taa za rangi saba, na Shahzeb mwenyewe nywele zake zilimetameta pia. Alimvutia Hashmat Bibi kiti, akaagiza chai, akamwita Khala, yaani mama mdogo, mara sita kabla chai haijafika. Juu ya meza aliwasha kompyuta nzima iliyo wazi, matumbo nje, na wapiganaji wakaruka kwenye kioo laini kama siagi. Nimra alisahau kufumba mdomo.

"Yote kwa elfu hamsini na nane, Khala. Kwa kuwa ni wewe."

"Mimi nani?"

"Si... Khala!"

"Nipe huyu mwenye umeme."

Shahzeb alimpa pawasaplai nyingine ya aina ile ile, mpya ndani ya nailoni. "Pima uzito wake. Kizito ndicho kizuri, muulize yeyote."

Kilikuwa kizito kweli. Mkono wa Hashmat Bibi ulizama mpaka kwenye goti, na hapo hapo akakumbuka arusi moja ya Gujranwala. Sanduku la vyombo vya bi harusi lilibebwa na wanaume sita, wanatokwa jasho, na watu wote wakasifu ukarimu wa baba yake. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na masufuria mawili na matofali arobaini. Tangu siku ile, kitu kizito kilimtia wasiwasi kuliko chepesi.

"Kifungue," alisema.

"Khala, nikifungua dhamana inakufa."

"Haya. Nitamaliza chai yangu. Umeme hapa unakatika saa ngapi?"

"Saa tano, lakini betri ipo..."

"Bado dakika kumi. Tutangoja."

Hii ndiyo iliyokuwa siri ya ushenga wake, na hakumfundisha mtu. Washenga wengine waliiendea nyumba ya binti saa waliyoalikwa, wakakuta mazulia yamepigwa vumbi na biriani iko tayari. Hashmat Bibi alifika umeme ukikatika. Hapo alisikia nani anamfokea nani gizani, nani anakwenda kumpepea mgonjwa, nani anajipepea mwenyewe. Lahore nzima hupangiwa mgao, kwa hiyo hakuna nyumba iliyomponyoka.

Nimra alimvuta shali. "Dadi, tulipe. Picha sitini, umeona mwenyewe. Jumapili haiko mbali."

"Kunywa chai."

Dakika tatu kabla ya saa tano, Shahzeb alinyoosha mkono kama mtu anayejikuna, akaizima ile kompyuta.

"Mbona?" aliuliza Hashmat Bibi.

"Ipumzike kidogo, Khala. Joto hili!"

"Wageni ndiyo kwanza wanaingia, na wewe unamfungia bi harusi chumbani." Aliweka kikombe chini, akasimama. "Chai yako nzuri, mwanangu. Hiyo ndiyo ungeuza."

Nje ya duka Nimra alikuwa karibu kulia. "Dadi, tumekosa! Hatujui hata kama..."

"Anaijua nyumba yake. Mimi nimemtazama yeye, sikuitazama mashine."

Upande wa pili wa ujia palikuwa na duka lisilo na taa hata moja ya rangi. Mlango wake ulizuiwa na pawasaplai iliyofunguliwa kifuniko, ndugu pacha wa ile ya Shahzeb. Ndani yake, kando ya nyaya nyembamba kama tambi, kipande cha zege kilikuwa kimegandishwa kwa gundi.

"Kinashika mlango vizuri," ilisema sauti kutoka ndani. "Kazi nyingine hakiwezi."

Mwenye sauti alikuwa mtu wa miaka arobaini, Tufail, shati limefungwa vifungo kombo. Alipiga chafya mara tatu mfululizo na hakuwapa kiti.

Hashmat Bibi alijikalisha mwenyewe juu ya katoni. Nimra alimsomea Tufail karatasi. Tufail alitoa ubao mama, prosesa na memori vilivyotoka kwenye ofisi ya benki iliyobadilisha mashine, akavipanga juu ya gazeti. Halafu akatoa kadi ya michoro, kubwa, yenye feni mbili, na Nimra akanyoosha mkono.

"Subiri," alisema bibi. "Huyu alikuwa akiishi wapi?"

Nimra alijifunika uso kwa karatasi. "Dadi, tafadhali."

Lakini Tufail alijibu kama mtu aliyeulizwa bei ya vitunguu. "Swabi. Nyumba ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Miaka miwili usiku na mchana, hata Idi hawakumzima."

"Kwa nini wamemwacha?"

"Bili ya umeme ilizidi sarafu."

"Wamemuumiza?"

"Wamemkausha. Nimemvua, nimemtoa vumbi la kujaza bakuli, nimempaka dawa mpya ya kupitisha joto. Kazi anaweza. Ila feni moja inalia. Nimeitia mafuta, bado inalia. Nakwambia leo usije Jumatatu kunipigia kelele, mama."

Hashmat Bibi alimtazama. Katika ndoa mia nne na kumi na moja, ni mama mmoja tu aliyewahi kumtajia kasoro ya mwanawe kabla hajaulizwa, na kijana yule leo ana watoto saba na mke anayemuimbia.

Nimra alimfinya bibi yake mkononi. "Dadi, usithubutu."

"Kuthubutu nini?"

"Unamtazama kwa lile jicho la kazini!"

"Huyu? Anapiga chafya bila kuziba mdomo. Tulia, mtoto." Akamgeukia Tufail. "Na mama mkwe wako yuko wapi?"

Tufail alielewa mara moja, au labda alizoea kuulizwa maajabu. Alitoa pawasaplai nyepesi, kuukuu, iliyokwaruzika, akaifungua kifuniko bila kuombwa. Ndani palijaa shaba na vikopo vinene, hapana nafasi ya kupitisha hata senene. Akaunganisha vyote juu ya gazeti, akawasha. Wapiganaji wakatokea, feni ikalia kama kifaranga. Pembeni ya kioo namba ilisimama kwenye sitini.

Mgao siku hiyo ulichelewa, ukafika saa tano imeshapita kwa nusu saa. Jengo la Rehmat likaguna na kuzimika, ghorofa baada ya ghorofa. Kwenye kila duka mtu alilaani. Betri iliyo chini ya meza ya Tufail ikalia tak, ikapokea. Kwenye kioo, mpiganaji aliyekuwa hewani wakati wa kukatika alishuka na teke lake likampata mwenzake. Hakikukatika kitu.

Nimra alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa ameshatoa soksi.

Walipatana elfu hamsini na tisa na mia tano baada ya mabishano mafupi, maana Tufail hakujua kubishana na Hashmat Bibi alimwonea huruma. Ndipo Nimra alipogeuza karatasi yake na kuona mstari wa mwisho.

"Boksi! Dadi, tumesahau boksi la kuviweka."

"Elfu sita, la bei ya chini kabisa," alisema Tufail, akapiga chafya.

Ilibaki nauli ya bajaji na glasi mbili za maji ya miwa. Nimra alisema wataiacha wazi juu ya meza. Wote wawili wakamfikiria paka wa nyumbani.

"Mpumbavu mimi," alisema Hashmat Bibi ghafla, akicheka hadi meno yake ya dhahabu yakaonekana. "Nyumbani si tuna sanduku tupu?"

Fundi bati wa kichochoroni alilitoboa matundu mia mbili Ijumaa baada ya sala, hakudai kitu, maana ndoa yake ilikuwa namba mia tatu na sita. Tundu moja refu lilikatwa nyuma kwa ajili ya nyaya, na ndani likawekwa ubao mkavu ili bati lisiguse kitu. Kwa nje, sanduku lilibaki na mawaridi yake mekundu na tausi wawili. Riffat alipita, akatazama, akasema tu, "Jumapili saa kumi," na kwenda kusahihisha madaftari.

Jumapili saa kumi Nimra alikaa mkekani, fimbo magotini, kamera ikimtazama kama sheria ya mchujo inavyotaka. Mpinzani alikuwa kijana wa Colombo ambaye hakuwa ameshindwa tangu mwezi wa kwanza.

"Samahani," ilisema sauti ya mwamuzi kutoka kwenye spika, "hicho nyuma yako ni nini?"

"Kompyuta."

"Ina tausi."

"Ndiyo."

Hashmat Bibi alikaa kando ya sanduku na upepeo wa ukindu, analipepea kama mtoto mwenye homa. Feni ilikuwa inalia. Raundi mbili kwa mbili. Katika ile ya mwisho, Nimra alibakiwa na uhai mwembamba kama uzi, na kijana wa Colombo akaruka kummaliza.

Hapo umeme ukaruka.

Feni ya darini ilipunguza mwendo. Taa ilipepesa. Kichochoro kizima kiliguna kwa mdomo mmoja. Riffat, ambaye hakuna aliyejua amesimama mlangoni tangu lini, alishika fremu kwa mikono miwili. Hashmat Bibi aliacha kupepea na kukishika kifuniko cha sanduku, kana kwamba angeweza kukizuia kitu kwa kiganja. Betri ya nyumba ikalia tak.

Ndani ya sanduku, kile kifaranga cha feni kiliendelea kulia, hakikuruka hata mlio mmoja.

Na Nimra, ambaye hakuwa ameinua macho, alimdaka kijana wa Colombo hewani na kumtandika mara tatu kabla hajagusa ardhi. Wapo Mozang wanaoapa ilikuwa mara tisa.

Spika ilipayuka. Nimra aliitupa fimbo na kumrukia bibi yake, wakaangukiana juu ya mito. Riffat alivuka chumba taratibu, akachungulia ndani ya sanduku kwa muda mrefu, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu.

"Matundu ya upande huu makubwa," alisema mwishowe. "Paka atatia mkono. Kesho nitanunua wavu." Halafu akaiokota fimbo, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akamrudishia mwanawe.

Usiku, kabla ya kuzima taa, Hashmat Bibi alifungua daftari lake la ushenga, akalamba kalamu, akaandika chini ya ndoa ya mwisho: *Namba 412. Kadi wa Swabi, ameingia kwa mama mkwe wa duka la Tufail. Nyumba: sanduku langu. Wanaelewana. Bi harusi analialia kidogo, tuliambiwa.*

Alifikiri, kisha akafungua ukurasa mpya na kuandika jina la Tufail, na mbele yake jina la mjane mmoja wa Shahdara mwenye subira na leso nyingi.