Odeta wa Kwenye Hotuba

Jua likishakaribia maji na wanawake wakianza kuzoa dagaa wao kutoka kwenye mchanga, Ojwang hutoa jiko la mkaa nje, hubandika sufuria na kupanga sahani mbili. Mkewe Odeta huja akitokea upande wa ziwani, hukung'uta miguu mlangoni, huketi kwenye kigoda chake. Alizikwa masika yaliyopita. Majirani wanaopita humsalimu naye huitikia. Wenye haraka hupunga mkono tu.

"Chumvi umesahau tena, baba Faith," husema akiisha kuonja.

"Si utie mwenyewe?"

"Uliona wapi maiti akitia chumvi kwenye sufuria ya walio hai? Tia. Bado. Haya, basi, unataka kuniua mara ya pili?"

Hivyo ndivyo walivyoishi, na Ojwang hakuwa na neno. Yeye ni fundi wa mitumbwi hapo mwaloni Kasanzu, wavuvi wanapoegesha, huziba nyufa za mbao kwa pamba na lami. Shule aliachia darasa la tatu, na tangu hapo hajaona mwenye shule aliyemfanyia jambo la maana.

Kosa lilianzia makaburini. Desturi inataka mtu asimame aeleze historia ya marehemu, na Ojwang siku ile ulimi ulikuwa mzito kama mtumbwi uliokunywa maji. Diwani wa kata, Mheshimiwa Shimba, aliyekuwa amekuja na shati jeusi lililopigwa pasi, akasema, "Niachieni mimi." Wakamwachia. Na kila mtu mwaloni anajua kwamba maiti humfuata anayemsema, na jinsi anavyosemwa ndivyo anavyokuwa.

Jioni moja Odeta akaja na mtoto mchanga mgongoni.

"Huyo wa nani?" Ojwang aliuliza.

"Wangu. Nilikufa naye mgongoni."

"Mwanamke, ulikuwa na miaka hamsini na ushee! Faith mwenyewe ana duka la vitenge Pasiansi."

"Diwani kahutubia mnadani leo," Odeta alisema, akimfungua mtoto anyonye. "Ndivyo alivyosema."

Ojwang alisonya, akaongeza unga kwenye ugali.

Diwani alipohutubia Magu mjini, Odeta alirudi na watoto sita. Walikaa wamepangana kwa urefu, miguu peku, macho makubwa, nzi pembeni mwa midomo. Hawakugombana wala hawakuomba maji. Ojwang hakuwahi kuona watoto wabaya kiasi hicho. Mtoto asiyemwaga kitu ni mtoto gani?

Baada ya hapo Odeta akaanza kusema kila kitu mara tatu. "Nimechoka, nimechoka, nimechoka," alisema, hata alipokuwa hajafanya kazi yoyote. Kisha akawa anauliza maswali asiyotaka majibu. "Ni mama gani asiyelia?" Ojwang akamjibu kwamba mama yake yeye, mzee Achola, hakulia hata alipong'atwa na mamba. Odeta hakumsikia. Alikuwa ameangalia mbali, kama mtu anayepigwa picha.

Kisha diwani akasema redioni kwamba Odeta alikuwa mshumaa, uliowamulikia wengine huku wenyewe ukiisha. Jioni hiyo alikuja na utambi unawaka utosini, nta ikimchuruzika mabegani hadi kwenye kigoda. Ojwang alisogeza pazia lisishike moto. Asubuhi alikwangua ile nta na kuijaribu kwenye mtumbwi wa Masele, maana lami imepanda bei. Kufika adhuhuri mtumbwi ulikuwa umejaa maji mpaka kwenye mbao za kukalia.

"Ojwang, umenizibia na nini?" Masele alifoka.

"Nta ya diwani, ngosha."

"Basi itoe. Hiyo ni ya watu wa nchi kavu."

Ojwang alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Odeta wake alikuwa anaisha. Kila hotuba ilimla kipande, na kilichobaki kilikuwa mwanamke mpole, mtakatifu, asiyejua chumvi. Usiku alijaribu kukumbuka Odeta alivyokuwa akikoroma, akakuta amesahau mkoromo ulivyokuwa ukianza.

Basi mkutano ulipotangazwa Kasanzu, aliacha nyundo yake akaenda mapema. Nyuma ya jukwaa alimkuta msichana mwenye miwani akinong'ona na simu. Alikuwa Favour, mpanga hotuba wa diwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, kwa sababu salamu ni salamu hata kwa mchawi. "Wewe ndiye unayempikia huyu maneno?"

"Nampangia tu."

"Nirudishie mke wangu."

Favour alimkaribisha kiti. Hakuwa na dharau, na hilo lilimuudhi Ojwang zaidi.

"Baba, mtu ana milango mitatu," alisema. "Kwanza akuamini. Ndiyo maana mheshimiwa huanza na kusema yeye ni mtoto wa mvuvi."

"Baba yake alikuwa karani wa pamba. Alitupunja mizani mpaka akajenga."

"Pili, mpe hesabu, ajione ana akili. Tatu, muumize moyo. Mama Odeta ni mlango wa tatu. Nikimwachia mtoto mmoja mkubwa mwenye duka, nani atalia?"

"Na ukweli unapita mlango gani?"

Favour alifikiri. "Huo haujapangiwa mlango, baba. Lakini si uongo. Shuleni tulifundishwa: kuna takriri, kuna balagha, kuna istiari, kuna chuku..."

"Sisi shuleni tulichapwa kwa hayo yote."

Pembeni yao gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limefunguliwa milango ya nyuma, vijana wakishusha viti vya plastiki. Ni gari hilohilo la siku aliyokufa Odeta. Asubuhi ile presha ilipompanda Odeta, Ojwang alikimbia zahanati akaambiwa gari limetoka kikazi. Akampakia mkewe kwenye bodaboda, katikati, yeye nyuma akimshikilia kiunoni. Njiani walipishana na gari likiwa limesheheni viti, likienda kwenye mkutano wa diwani. Dereva aliwapigia honi ya salamu. Odeta alikata roho kabla hawajafika barabara ya lami.

Mkutano ulianza. Diwani alisema yeye ni mtoto wa mvuvi. Akataja hesabu. Kisha akashusha sauti akamwita Odeta, naye akaja mchana kweupe na watoto wake, akasimama karibu na spika akiwaka. Watu wa mbele walirudisha viti kidogo wasiungue.

"Hatukuwa na gari!" alisema diwani. "Hatukuwa na gari! Ndugu zangu, hatukuwa na gari! Je, Odeta alikosa nini kwa Mungu?"

Kanga zilipanda machoni. Ojwang naye alishika shavu akakuta limelowa. Alikuwa anamlilia mwanamke asiyemjua. Hapo ndipo hasira ilipomwinua akapanda jukwaani.

Diwani hakumzuia. Alimkumbatia. "Mume wa marehemu mwenyewe!" alitangaza, na watu wakazidi kumwamini diwani. Akampa kipaza sauti.

"Odeta hakuwa mshumaa," Ojwang alisema. "Alikuwa mama Faith. Mtoto tulipata mmoja."

Watoto sita walishuka jukwaani wakapotea kwenye umati, kama wanafunzi walioambiwa mwalimu hayupo. Kile kichanga cha mgongoni kikawa kanga iliyokunjwa.

"Alikuwa anakoroma. Alinitukana nikilewa, na nisipolewa alinitukana. Kichwa cha sato alikula peke yake, hata mgeni hapewi. Gari lilikuwepo. Lilibeba viti vya mkutano wa huyu hapa. Ndivyo hivyo mmekalia."

Moto ulizimika. Odeta alijikuna shingo pale nta ilipokuwa imegandia, akamsogelea mumewe, akanusa shati lake.

"Na chumvi jana ulisahau," alisema. "Unadhani sikuona?"

Ojwang alifumba macho kidogo. Alikuwa ni yeye.

Chini, watu waliangalia viti vyao. Hakuna aliyesimama. Jua lilikuwa kali, na anayesimama mkutanoni akirudi hukuta kiti kina mtu. Mzee mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha, "Anasema kweli, lakini hajui kusema."

Diwani alichukua kipaza sauti polepole, kama anayepokea mtoto aliyelala. Akatoa kitambaa.

"Mmesikia wenyewe?" alisema. "Mmesikia wenyewe? Gari moja! Gari moja libebe wagonjwa, gari hilohilo libebe viti vya wananchi! Mmesikia wenyewe? Ndiyo maana, ndugu zangu, ninataka magari mawili! Kwa ajili ya Odeta, ua lililokatwa asubuhi, mama wa watoto saba!"

Makofi yalilipuka mpaka korongo wa ufukweni wakaruka. Masele alipiga makofi, kisha alipoona Ojwang anamtazama, akajifanya anakung'uta vumbi mikononi. Utambi wa Odeta ulishika moto wenyewe. Watoto walirudi, na wa saba nyuma yao, mdogo, anachechemea. Kwenye masikio ya Odeta yalichipua maua meupe.

Favour alimsaidia Ojwang kushuka ngazi. "Pole, baba," alisema. "Ungeanza na viti."

Gari la pili lilikuja kabla ya vuli. Limeandikwa jina la Odeta ubavuni kwa rangi nyekundu, na linabeba mahema. La kwanza bado linabeba viti. Wagonjwa wanapakiwa bodaboda, katikati, na honi wanapigiwa mbili.

Ojwang alinunua sufuria kubwa. Umeme ukikatika majirani huwaleta watoto wao wasomee kwenye mwanga wa Odeta, na hakuna anayelipa. Maua huangukia kwenye mboga, Ojwang huyatoa kwa vidole.

Jana jioni alipika sato, akamwekea kichwa. Odeta aliwamegea watoto wote saba, hakubakiza hata jicho.

"Mchuzi una chumvi?" Ojwang aliuliza.

"Iko wapi chumvi ya kushinda machozi ya mama?" alisema Odeta, akitazama mbali. "Iko wapi? Iko wapi?"

Ojwang alitia kwa kukisia. Ikazidi. Watoto walikula kimya, wamepangana kwa urefu, na hakuna aliyemwambia.