Sheria Haikutaja Mate

Mama yangu akikwambia biskuti yako ni laini, amekutukana. Hapa Bluff, kusini kabisa mwa New Zealand, kila mtu anazijua biskuti za oti za Noeline, ndiye huyo Mama: ukivunja moja, jirani anasikia. Zimemletea utepe wa kwanza kwenye maonyesho ya kilimo mara nyingi, mpaka wanawake wengine wakaacha kushindana naye na kuhamia kwenye keki. Kwa hiyo mke wangu, Mereana, alipomwomba amwokee biskuti za oti laini, za kunatanata, za kula akiwa anaogelea, Mama alimshika paji la uso. Halafu akamuuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alitaka kuvuka mlango-bahari wa Foveaux, kutoka kwetu hadi kisiwa cha Rakiura, kwa mikono na miguu yake, bila suti ya mpira. Mwaka uliotangulia alitolewa majini kisiwa kikiwa kinaonekana vizuri kabisa. Vile vyakula vya wanamichezo vya dukani, jeli tamu za kufyonza kwenye pakiti, vilimchafua tumbo akatapika mpaka nguvu zikamwisha. Wiki nzima hakushuka ufukweni. Safari hii aliniambia wazi kwamba ndiyo ya mwisho: akishindwa, miwani ya kuogelea ataitupa na tusimtajie bahari tena. Mimi namjua mke wangu. Mereana asiye na bahari ni mtu mwingine, na mimi sikumwoa huyo mwingine.

Mama akakubali, shingo upande. Majira yote ya baridi jikoni kwake kukanukia siagi na shira ya miwa. Anaviyeyusha pamoja, anatia bekingi soda iliyokorogwa kwa maji ya moto, povu linapanda, anamwagia kwenye oti na nazi kavu. Halafu, huku akisonya, anazitoa kwenye oveni kabla hazijakauka. Alikataa kuziita biskuti. Aliziita "zile mbichi zako." Mereana anakula mbili kabla ya kuingia majini na moja katikati ya mazoezi, na tumbo linatulia kabisa.

Baada ya muda nikaona Mama mwenyewe anashuka gatini kila asubuhi, kopo la biskuti amelificha ndani ya koti. Anasimama pale kwenye upepo, anamkosoa. Anamwambia anaogelea kama mtu aliyedondosha pete. Mereana anamjibu kwamba angalau yeye hajawahi kudondosha meno, maana Mama ana meno ya bandia na siku moja yalimponyoka kanisani. Wanacheka hao, mimi nimesahaulika na taulo mkononi. Nilifurahi kusahaulika.

Siku yenyewe ilipofika tulikuwa wanne kwenye boti: binamu yangu kwenye usukani, mimi, Mama, na msimamizi wa mivuko, mwanamke mkavu anayeitwa Colleen. Colleen alituambia sheria kabla hata hatujafungua kamba. Mwogeleaji akiguswa na mtu, au yeye akiigusa boti, safari imekwisha, haijalishi amebakiza nini. Chakula anapewa kwa ufito mrefu wenye chujio la chai mwishoni. Mama alisikia hayo, akatia mikono mifukoni papo hapo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mereana alikunywa vinywaji vyake vya moto, akatutania, akaendelea. Kisha mawimbi ya katikati yakaanza, boti ikalala upande, na chupa ya chai ikagonga sakafu. Nilipoitikisa nikasikia vigae vya kioo vinalia ndani; kinywaji chote kimeharibika. Nikasema si neno, biskuti zipo, nikafungua kopo.

Zilikuwa za kahawia, zinang'aa, kavu kama kigae cha paa. Zilikuwa zile za maonyesho.

"Mama, umefanya nini?"

"Siku kubwa kama hii nimpe mbichi?" akasema. "Mbele za watu?"

Nilitamani kumtosa. Lakini nilimwona usoni, na nikaelewa kwamba huyu mama hakuwa na kiburi hata kidogo wakati ule. Alikuwa ametoa kitu chake bora kuliko vyote alivyonavyo, akampa mkwewe.

Tulimpelekea Mereana moja. Taya lake lilikuwa limekufa ganzi kwa baridi. Aliiuma, ikateleza, albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, akaiokota juu ya maji akaondoka nayo. Ya pili ikawa vilevile. Nikaloweka ya tatu kwenye maji baridi ya kunywa, ikakaa humo haina habari. Mereana akaendelea kuogelea na tumbo tupu, na baada ya muda mikono yake ikaanza kuingia majini kichovu, karibu na kichwa. Colleen akamuuliza jina lake, kupima kama baridi haijamvuruga akili. Alichelewa kujibu.

Colleen akanivuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na alinieleza kwa upole: asipokula kwenye zamu ya chakula inayofuata, atamtoa. Nikaangalia kisiwa. Kilikuwa pale pale kilipokuwa mwaka uliopita.

Mama alikuwa amesikia. "Colleen," akasema, "sheria inasemaje kuhusu mate?"

Colleen akamgeukia. Alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Inakataza kumgusa na kumshika," akasema. "Mate haikuyataja."

Basi Mama akaweka meno yake sawa kwa ulimi, akachukua biskuti, akatafuna. Alitafuna taratibu bila kumeza, akatemea kiganjani, akaviringa vidonge vidogo, akavipanga kwenye chujio. Mimi mtu mzima niligeuza uso. Binamu yangu naye akakuta ana kazi nyingi kwenye usukani.

Nikanyoosha ufito. Mereana akauangalia, midomo ya bluu. "Nini hiyo?"

Nilikuwa naandaa uongo, Mama akaniwahi. "Nimekutafunia. Usiulize mara mbili, fungua mdomo."

Wimbi likampandisha, likamshusha. "Kwa yale meno ya bandia?"

"Ndiyo niliyonayo."

Mereana akacheka, akanywa bahari, akakohoa. Kisha akafungua mdomo. Mama yake mzazi alifariki yeye angali ananyonya. Wajomba walimlea vizuri, ila kwa mikate na samaki, na mtoto ajitafunie mwenyewe. Alimeza kidonge kimoja, akameza cha pili, akakaa juu ya maji akimtazama Mama. Hakusema asante. Alisema, "Leta kingine."

Zamu zilizofuata alikuwa anafungua mdomo kabla ufito haujamfikia. Mama akatafuna karibu kopo zima, taya likamvimba. Alikuwa akilia huku anatafuna, akatuambia ni upepo.

Ufukweni sheria ni ile ile: mwogeleaji atoke mwenyewe mpaka mchanga mkavu. Sisi tulitangulia kwa mtumbwi wa mpira. Mereana akaja mpaka maji ya magoti, akasimama, akaanguka. Akasimama tena, miguu haimtaki, akaanguka. Nilipiga hatua, Colleen akanitazama, nikarudi.

Mama alikuwa amebana viganja kwenye makwapa ili visimponyoke. Akachuchumaa palepale kwenye mchanga mkavu.

"Njoo, mama," akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu wadogo zangu wakiwa wanajifunza kutembea. "Njoo kwangu. Taratibu. Njoo."

Mereana akaja. Alikuja akiyumba, mikono ameitanua, macho kwa Mama tu, akapita maji, akapita mchanga mbichi. Alipokanyaga mchanga mkavu, Colleen akainua mkono na kusema imetosha, amevuka. Mimi nikabaki nimesimama na taulo, maana Mama alishamvuta ndani ya koti lake na kulifunga.

Watu wa kisiwani wakaleta supu ya moto. Mereana akatikisa kichwa, anatetemeka mwili mzima.

"Mama, zimebaki?"

Ilibaki moja. Nikamwambia mke wangu kwamba sasa supu ipo, na ni laini, hakuna haja. Mama akaniambia ninyamaze. Akaitoa mfukoni, akaitia mdomoni mwake, akaanza kutafuna.