Shati la Mwisho la Kulowesha

Tangu tumzike mume wangu nilikuwa sisikii kitu. Chai ilikuwa maji ya moto tu, na pole za watu ziliingia sikio hili zikatokea lile. Lakini mikono haijui msiba. Niliendelea kutengeneza bunduki katika karakana aliyotuachia, mimi na shemeji, mdogo wake.

Asubuhi hiyo mlinzi wa shamba alifuata bunduki yake. Shemeji alikuwa ameunyoosha mkono wa bolti kwa moto wa gesi. Bolti ndiyo inayoifunga risasi kwa nyuma. Meno yake yakilegea, mlipuko unamrudia mpigaji usoni. Niliyapitishia tupa meno yale, kwa mazoea tu. Chuma kigumu huikataa tupa. Hiki kilichubuka kama sabuni; moto ulikuwa umekilainisha.

"Shemeji, moto umefika huku mbele."

"Haujafika. Si unaona inavyong'aa?"

"Inang'aa kwa sababu umeipiga msasa. Ilikuwa imegeuka bluu kwa kuungua, sivyo?"

Mlinzi akacheka. "Jamani mama, mimi nawinda nguruwe tu, siendi vitani."

"Nguruwe atapona, baba. Wewe je?"

Kicheko kikamwishia. Nikamwambia bolti hiyo imekufa, arudi kesho tumfungie nyingine. Aliondoka amenuna, na nilijua habari zetu zitafika sokoni kabla yake.

"Hukufunga kitambaa cha maji?" nikamuuliza shemeji. Ndilo somo la kwanza alilotupa marehemu: funga meno kwa kitambaa kilicholoa, moto uishie mkononi mwa bolti.

Shemeji akafungua kabati. Mashati makuukuu ya marehemu ndiyo yaliyokuwa vitambaa vyetu. Lilibaki moja, limekunjwa vizuri.

"Nilishindwa, shemeji. Nitaliunguzaje?"

"Si ungeniomba hata taulo?"

"Ungeniuliza kwa nini."

Bolti ya akiba iliyokuwa sandukuni nayo ilikuwa na mkono uliopinda. Nikalichana shati, nikalichovya kwenye ndoo, nikayafunga meno.

"Washa."

Mkono ukaanza kuwa mwekundu. Kitambaa kikatoa mvuke, na mvuke ukatoka na harufu ya jasho lake, ileile ya jioni akivua viatu. Machozi yakanitoka kwa mara ya kwanza tangu azikwe, nikawa nalia kwa sauti huku namwagia maji. Shemeji akaniona, akataka kufunga gesi.

"Usizime," nikamwambia. "Bado haujanyooka."