Chaza wa Upande Safi

Mpimaji wa maabara alirudia kipimo mara tatu, na mara zote tatu mashine ikamjibu vilevile. Kichwa chake kigumu tangu utotoni, basi akarudia ya nne.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Chaza akiishi kwenye maji yenye metali za sumu, mwili wake huamsha jeni ya kuikamata ile sumu na kuifungia ndani, asife. Ukitaka kujua hali ya maji humuulizi mwenye kiwanda, unamuuliza chaza. Alichukua chaza wa karibu na kiwanda cha kuyeyusha vyuma, akawalinganisha na wa upande safi, kule anakookota shangazi yake.

Jeni ya wale wa kiwandani ilikuwa macho. Ya wale wa shangazi ilikuwa macho zaidi.

Akapiga simu. "Shangazi, kuna nini kipya huko?"

"Labda barabara. Mwaka jana kiwanda kilituletea malori ya kokoto nyeusi, mabaki ya tanuri lao, bure, tukajaza mashimo mpaka majini. Na chaza wamenenepa, mwanangu, hujapata kuona."

Alipompelekea majibu, mkuu wa maabara alikuna kidevu. "Tafuta wengine safi," akasema, akarudi kwenye chai yake. Hakuwa mtu mbaya. Ila mwenye mdogo wake wa mimba ya miezi minane hakuwa yeye, alikuwa mpimaji.

Miezi michache nyuma, daktari alipomwambia mdogo mtu kwamba damu yake ni pungufu na ale chaza, ni yeye mpimaji aliyemkataza wale wa sokoni, akapanga na shangazi ndoo moja kila wiki. "Kula hawa, nawajua mimi," alimwambia, na alijivuna kweli.

Jioni hiyo alimkuta mdogo wake jikoni, miguu iliyovimba imo kwenye beseni, sahani ya chaza mapajani.

"Usinikague, dada. Sijaruka hata siku moja. Shemeji yako anasema mtoto atazaliwa na gamba."

Mpimaji aliichukua ile sahani. "Usile tena."

"Kwa nini? Si ulisema wako salama?"

Mpimaji aliwamwaga chaza wote kwenye pipa la taka. Alijichukia huku akiisugua sahani tupu. Mdogo wake alidhani ni uchovu wa kazi, akamvuta karibu, akauweka mkono wa dada yake tumboni.

"Tangu jana hachezi sana," alisema. "Hebu mwite wewe, dada. Labda wewe atakusikia."